Habari za Kituo: Jumanne ya Sabuni

Mwezi huu kituo chetu cha mchana cha watu wazima hapa Nyarugusu kilikuwa na kazi nyingi, na ugomvi kidogo pia.

Asubuhi tunanyoosha viungo, halafu kuna mikeka na kusoma. Jumanne ni sabuni, na sabuni haipikwi na mtu mmoja. Mama mmoja anapima kostiki soda, mwingine anaimwaga polepole ndani ya maji. (Maji juu ya soda hapana! Inaruka na kuunguza.) Ikipoa ndipo mafuta ya mawese yanaingia. Anayekoroga ni mzee wetu asiyeona. Mchanganyiko ukianza kushika kama uji, mkono wake unajua kabla ya macho yetu. Anasema tu, "Mimineni."

Sabuni inakaa wiki nne ndipo inagawiwa. Safari hii kijana mmoja akasema anayekaa kwenye kiti apewe nusu. Mzee akanyamaza, akatafuta fimbo yake. Wamama wakakataa kubeba vipande vyao mpaka naye apewe sawa. Ilichukua karibu saa nzima, maneno makali yakatoka. Akapewa sawa. Kwangu mimi wamama walifanya vizuri.

Sasa ninyi mnaomwacha mzee ndani siku nzima, eti ataanguka njiani: mtuambie zoni na kijiji, tutakuja kumshika mkono. Jumanne tunaanza saa mbili asubuhi. Aje na kopo tupu.