Mchoro Ulioko Kichwani Nao Una Bei

Kuna swali ambalo watu wenye fedha zao huwauliza wabunifu wa vyombo vya majini: nikitaka kujengewa katamarani ya matanga, ya kwangu peke yangu, nijiandae na kiasi gani? Sisi wa kimbweta, ambao hesabu yetu kubwa ni bumu linaingia lini, tunaweza kudhani swali hilo halituhusu. Mimi ndiyo kabisa: natoka Manchira, Serengeti, ambako maji mengi tuliyonayo ni ya bwawa na utajiri wa mtu unaonekana zizini. Lakini nadai linatuhusu, na linatuhusu zaidi sisi tunaosomea ualimu.

Katamarani ni chombo chenye miili miwili iliyoungwa kwa boriti. Neno lenyewe limetoka kwa Watamili wa India, kwa maana ya magogo yaliyofungwa pamoja. Ngalawa ya pwani yetu ni binamu yake, ila yenyewe ina mwili mmoja na mbao mbili za pembeni za kuizuia isipinduke.

Sasa tupige hesabu. Mwili mmoja umekuwa miwili, kwa hiyo mbao, misumari, rangi na siku za fundi zinakaribia kuzidi mara mbili, na usukani mara nyingi nao unakuwa wa pande zote mbili. Halafu zinakuja boriti, na hapo ndipo kazi ilipo. Wimbi likiunyanyua mwili wa kushoto huku wa kulia umeshuka, chombo kizima kinataka kujisokota kama nguo inayokamuliwa. Boriti ikiwa nyembamba inavunjika. Ikiwa nene mno, umeongeza uzito, na katamarani nzito haina faida, maana sifa yake ni wepesi: haihitaji mzigo wa risasi chini ili isimame, na inaweza kuegeshwa ufukweni kwenye maji mafupi. Ubaya wake ni kwamba ikipinduka imepinduka, hairudi yenyewe.

Ukubwa nao una ujanja wake. Katamarani ya mita 12 si mara mbili ya ile ya mita 6. Ukilikuza umbo lilelile mara mbili kwa urefu, umelikuza pia kwa upana na kwa kina, na uzito unakuwa kama mara nane. (Wenzangu wa hisabati, hii ndiyo ile mada ya ukuzaji ambayo tunaimaliza kwa kuchora pembetatu ubaoni.) Gharama inafuata uzito kuliko inavyofuata urefu, ndiyo maana tajiri anayesema “niongezee mita mbili tu” hushtuka akiletewa bei.

Kwa hiyo kabla ubao wa kwanza haujakatwa, kuna mtu anakaa mezani anapima uzito wa kila kipande, anachora, anafuta, anachora tena. Mtu huyo analipwa. Tuseme mchoro umegharimu milioni 20. Kiwandani, zikijengwa boti 100 kwa mchoro huo, kila moja inabeba laki mbili. Ikijengwa moja tu, inabeba milioni zote 20. Mwingereza James Wharram, aliyevuka Atlantiki miaka ya 1950 kwa katamarani ndogo aliyoijenga mwenyewe, baadaye aliishi kwa kuwauzia watu michoro wakajijengee nyumbani. Biashara yake ilikuwa karatasi.

Nilipokuwa Musoma nilimuuliza fundi mmoja wa mitumbwi pale Mwigobero. Shikamoo, marahaba, kisha nikamwambia, “Mzee, mteja akija unamtoza kiasi gani kwa mchoro?” Akasema, “Mchoro upi, binti yangu? Anasema futi ngapi, namwambia mbao ngapi.” Mkuku, mataruma, mkunjo wa omo, vyote anavikata kwa jicho. Mteja analipia mbao, misumari na siku za kazi. Kile ambacho kingine kinalipiwa mamilioni, kwa mzee huyu ni bure, na yeye mwenyewe hajui kwamba anakigawa.

Mtaniambia, basi si vizuri, boti zinakuwa rahisi? Hapana. Kitu kisicho na bei hakitunzwi. Tazameni mtepe, chombo cha Waswahili kilichoshonwa kwa kamba za nazi bila msumari hata mmoja. Ulisafiri pwani hii kwa karne nyingi, kisha ukatoweka katika karne ya 20. Zanzibar ilipotaka kuujenga upya mwanzoni mwa miaka ya 2000, ilibidi watu watazame mifano midogo na michoro ya zamani, kwa sababu maarifa yenyewe yalikwenda na wenyewe. Hiyo nayo ni gharama, ila ilichelewa kulipwa.

Na msinidanganye kwamba shida yetu ni malighafi. Pale Lamu, Ali Skanda na wenzake walijenga jahazi la Flipflopi kwa takataka za plastiki, kama tani 10, na ndala zilizookotwa ufukweni. Chombo cha mita 9 hivi, malighafi yake ni uchafu, lakini mradi ulioanza 2016 ulishusha chombo majini Septemba 2018. Muda huo wote uliliwa na kujaribu: plastiki inapinda vipi, inashika msumari vipi, taruma liwe nene kiasi gani. Mwaka 2019 likasafiri hadi Zanzibar, na 2021 likazunguka Ziwa Victoria.

Tangu 2024 sekondari zina mkondo wa amali, na sisi ndio tutakaopelekwa huko kufundisha. Mwalimu atakayepangiwa Musoma, Ukerewe au Bunda atafundisha nini kuhusu boti? Atafundisha kanuni ya Archimedes kutoka kwenye madesa, huku mita mia mbili kutoka darasani kuna mzee anayeijua kwa mikono.

Kuna rafiki yangu alinicheka: “Wewe mwalimu wa watoto, boti za nini?” Nikamjibu kwamba sisi ndio tuna muda wa mazoezi ya kufundisha, tuna rula na tunajua kuandika. Kiukweli, hatuhitaji mfadhili kwa jambo hili. Naiomba serikali yetu ya wanafunzi itenge kwenye bajeti ijayo futikamba chache, karatasi kubwa za kuchorea na posho ya siku mbili kwa kila fundi atakayekubali kupimiwa chombo chake. Posho hiyo ni malipo ya mchoro, na iandikwe hivyohivyo kwenye stakabadhi. Mchoro ubaki na jina lake, nakala moja akae nayo yeye, nyingine iende shule ya jirani. Tuanze na mitumbwi ya Mwigobero. Mzee wa pale nimeshamuuliza, amesema tuje kabla ya masika, maana mbao zikilowa hafanyi kazi.