Presha imeshuka, fizi zimepanda, na hakuna aliyekuambia

Wasee, kuna kitu hapa Nangina tunakisingizia uzee. Mtu anaanza tembe za presha, miezi michache baadaye fizi zinavimba, zinapanda juu ya meno, zinatoa damu akipiga mswaki. Jirani mmoja anasema ni miaka imesonga. Mwingine anasema amerogwa. Ile bahasha ya dawa iko pale juu ya kabati na hakuna anayeishuku.

Amlodipini na nifedipini ni dawa nzuri, zinalegeza mishipa presha ishuke, na sitaki mtu aninukuu vibaya. Lakini kwa baadhi ya watu zinafanya nyama ya ufizi iote kupita kiasi, hasa kama meno yana uchafu ulioganda. Nifedipini ndiyo inasumbua zaidi. Halafu kuna zile za kukojoza, kama ile inaandikwa HCTZ, zinaweza kukausha mdomo. Na mate si maji ya bure. Ndiyo yanaosha meno na kupunguza makali ya asidi inayoyatoboa. Sasa mdomo ukikauka kukhu anafanya nini? Ananyonya peremende na kushushia soda. Meno kwisha.

Ripoti za kwanza za nifedipini na fizi ni za 1984. Mimi hata sikuwa nimezaliwa! Chuo niliacha, famasia sikusoma, na bado nimeyajua haya. Kwa nini yule anayegawa dawa dirishani asiyaseme?

Kukhu wangu alipewa tembe zake kwenye kibahasha kimeandikwa 1x1. Basi. Hakuna kikaratasi cha maelezo, hakuna neno. Fizi zilipoanza akaamua dawa inamuozesha mdomo, akawa anaruka siku. Presha yenyewe hairuki siku. Hivyo ndivyo watu wanapigwa na kiharusi huku tembe zimebaki nusu.

Najua kuna mtu wa afya atakuja kwa komenti kusema ukiwaambia wagonjwa madhara wataacha dawa. Buda, tayari wanaacha! Wanaacha kimyakimya, na kliniki wanakudanganya wanameza. Aliyeambiwa mapema angerudi kuuliza, na daktari anaweza kumbadilishia dawa. Mara nyingi fizi hupungua zikishabadilishwa na meno yakisafishwa vizuri.

Utafiti wa kitaifa wa 2015 ulikuta karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne Kenya ana presha ya juu. Hesabu hiyo midomo. Kila kliniki wanafunga mkono na kupima, lakini kusema "fungua mdomo nione", sekunde kumi tu, hakuna.

Kwa hivyo wikendi hii mwombe kukhu afungue mdomo. Ukiona fizi zinafunika meno, usimwachishe dawa. Beba ile bahasha, mpeleke kliniki yake, na usitoke pale dirishani kabla hujajibiwa.