Kushindwa Kusudi: Mkosaji Nani?

Anayedai kwamba jozi nne zilizofukuzwa katika badminton ya wanawake wawili wawili, Olimpiki ya London 2012, ziliponzwa na tabia yao mbovu tu, ameliruka swali gumu. Hatua ya makundi, iliyoletwa mwaka huo, ilifanya kushindwa mechi ya mwisho ya kundi kuwe na faida: Wang Xiaoli na Yu Yang, mojawapo ya jozi hizo, wangewakwepa Wachina wenzao hadi fainali. Atasema watazamaji walilipa viingilio. Kweli, na kupiga kinyoya wavuni makusudi kulikuwa dharau kwao. Ila wachezaji walifungashiwa virago, waliotunga utaratibu wakabaki vitini! Baadaye shirikisho la badminton duniani lenyewe likaamua washindi wa pili wa makundi wapangiwe wapinzani kwa kura, jambo lililowezekana tangu mwanzo.