Kompyuta za kwantamu na siri za wakimbizi wa Lusenda

Kambi ya Lusenda, katika eneo la Fizi, Kivu Kusini, ilifunguliwa mwaka 2015 kwa ajili ya Warundi waliokimbia machafuko nchini mwao. Maabara zinazotengeneza kompyuta za kwantamu ziko mbali, Marekani, China na Ulaya. Hata hivyo, utafiti huo unawagusa wakimbizi.

Mkimbizi anapoandikishwa, HCR huhifadhi jina lake, jamaa zake na sababu za kukimbia. Katika nchi nyingi huchukua pia alama za vidole na mboni za macho. Kwenye mitandao, habari za namna hiyo hufungwa kwa kufuli za hesabu. Kufuli moja inayotumika sana hutegemea ugumu wa kutafuta vigawo vya namba kubwa mno. Kompyuta ya kawaida, inayohesabu kwa 0 au 1, hushindwa. Ya kwantamu hutumia hali inayochanganya 0 na 1, na mwaka 1994 Mmarekani Peter Shor alionyesha kwamba ingeweza kuifungua kufuli hiyo.

Mashine yenye nguvu hiyo bado haijapatikana. Zilizopo hukosea mno. Lakini mwizi anaweza kuiba faili leo zikiwa zimefungwa, akazitunza, akazifungua siku mashine itakapokuwa tayari. Na wizi umekwisha kutokea: Januari 2022, Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilitangaza kwamba wadukuzi walizifikia habari za watu zaidi ya 515,000, wakiwemo waliotenganishwa na jamaa zao.

Neno la siri hubadilishwa; kidole hakibadilishwi. Mtoto anayeandikishwa leo atakuwa na alama zilezile baada ya miaka 30, hata akiwa amerudi Burundi.

Kinga ipo. Agosti 2024, taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilitoa viwango 3 vya kwanza vya kufuli mpya. Mwaka 2025, watafiti wa China na wa Chuo Kikuu cha Stellenbosch walitangaza kwamba satelaiti iliunganisha China na Afrika Kusini, kilomita 12,900, kwa ufunguo wa siri wa kwantamu. Njia ya satelaiti ni ghali. Kufuli mpya ni programu, na huwekwa katika kompyuta zilizopo.

Basi HCR, CNR na wafadhili wanapaswa kueleza kufuli zitabadilishwa lini, na habari za mkimbizi zitatunzwa miaka mingapi.