Wi-Fi ya Jirani Haina Pasiwedi, Ruhusa Iko Wapi?

Katika nyumba za kupanga za Sinza na Tabata jijini Dar es Salaam, na kwenye maghorofa ya Pipeline na Roysambu jijini Nairobi, kuna imani ambayo hakuna anayeihoji: Wi-Fi isiyo na pasiwedi ni ya kila inayemfikia. Mwenyewe angekuwa na uchungu nayo, si angeifunga? Anayedandia hajaruka ukuta, hajavunja kufuli, hajagusa hata waya. Simu imeuona mtandao, mtandao umeipokea simu, mambo yamekwisha. Vijana wanaelekezana pembe ya ngazi ambako mtandao unashika vizuri, mtu mzima anasogeza kiti hadi ukuta wa jirani, na wote wanalala usingizi wa watu wasio na deni.

Pengine wizi ni neno kali kwa jambo hili. Lakini imani yenyewe ni mbovu, na ubovu wake mkubwa zaidi hauko kwenye MB zinazoliwa.

Tuanze na hizo MB, maana ndizo zinazotajwa kwanza. Husemwa kwamba Wi-Fi haipungui. Hoja hiyo inaweza kusikika kwa mtu anayelipia intaneti isiyo na kikomo. Katika nyumba nyingi za Dar es Salaam ruta ni kile kidude kidogo cha laini kinachokaa juu ya friji, nacho kinakula bando kama simu nyingine yoyote. Likiisha limeisha, hata kama mwezi ndio kwanza uko katikati. Netflix wenyewe wanaeleza kwamba saa moja ya video ya HD inaweza kula hadi GB 3.

Atajitetea mtu kwamba yeye hatazami filamu, anasoma meseji tu. Huyo haijui simu aliyoishika. Simu ikiwa kwenye data ya laini hujibana. Ikipata Wi-Fi hujiachia, kwa sababu imetengenezwa ikiamini kwamba Wi-Fi ni ya mwenye simu. Kwa mpangilio wake wa kawaida, WhatsApp iliyo kwenye data ya laini hupakua picha peke yake. Ikiingia kwenye Wi-Fi huteremsha picha, sauti, video na nyaraka bila kumuuliza mtu. Play Store husubiri Wi-Fi ndipo isasishe programu. Google Photos nayo husubiri hapohapo ipandishe picha zote za wiki. Msomaji wa meseji mbili ameketi pembeni ya ngazi kwa roho safi, huku mfukoni mwake video za makundi matano ya harusi zikishuka kwa gharama ya mtu asiyemjua bwana harusi wala bibi harusi.

Wapangaji wanaolipia Luku moja wanalielewa hili vizuri kuliko wanavyokiri. Umeme nao hauonekani ukipita ukutani, lakini mpangaji akigundulika ana jiko la umeme ambalo hakulitaja siku ya kuchangishana, kikao kitaitishwa jioni hiyohiyo. Hakuna atakayemsikiliza akisema soketi ilikuwa wazi.

Nguzo ya pili ya imani hii ni hilohilo neno “wazi”. Kwa bahati mbaya kwa wanaoliegemea, limewahi kufikishwa mahakamani na kampuni kubwa kuliko wote, likakwama. Mei 2010 Google ilikiri kwamba magari yake yaliyokuwa yakizunguka mitaani kupiga picha za Street View, katika nchi zaidi ya 30, yalikuwa pia yakinasa mawasiliano ya watu kutoka kwenye Wi-Fi zisizofungwa. Humo mlikuwa na barua pepe na hata pasiwedi. Watu walikuja juu, na haki yao. Machi 2013 kampuni ikakubali kulipa dola milioni 7 kumaliza madai ya majimbo 38 ya Marekani na mji mkuu wake. Katika kesi nyingine iliyofunguliwa na wananchi, mawakili wake walidai kwamba Wi-Fi isiyofungwa ni kama matangazo ya redio: iko hewani, na kila mwenye kifaa anaweza kuipokea. Septemba 2013 Mahakama ya Rufaa ya shirikisho yenye makao San Francisco ikaikataa hoja hiyo.

Kunasa mawasiliano na kudandia mtandao ni makosa mawili tofauti, sawa. Lakini utetezi ni mmoja. Wengi waliolaani Google kwa kuchungulia nyumba za watu wanatumia utetezi wa mawakili wa Google kila jioni, neno kwa neno, wakiwa wameegemea ukuta wa jirani.

Sasa ubovu wenyewe. Ruta hutoka nje kwa anwani moja ya IP. Simu saba zikiwa ndani, mbili za mwenye nyumba na tano za wadandiaji, tovuti inayotembelewa haioni simu saba. Inaona mteja mmoja, na kampuni ya simu ikiulizwa na polisi mteja huyo ni nani, rejista zake zinaishia kwa yule aliyesaini mkataba au kusajili laini. Anayedandia Wi-Fi, kwa hiyo, hatumii bando la jirani tu. Anatembea mtandaoni kwa jina la jirani.

Alfajiri moja ya Machi 2011, mwanamume mmoja wa Buffalo, katika jimbo la New York, aliamshwa na kishindo cha mlango wake ukivunjwa. Maafisa wa serikali ya shirikisho waliingia na silaha wakimtuhumu kupakua picha za watoto wakidhalilishwa kingono. Alikana, wakabeba kompyuta na simu za nyumba nzima. Siku chache baadaye ikabainika kwamba ruta yake haikuwa na pasiwedi, na mhalifu aliyekuwa akitafutwa alikuwa jirani yake. Mwenye ruta alisafishwa, lakini baada ya kulazwa chini mbele ya bunduki kwa kosa ambalo hakulifanya.

Ujerumani waliliona jambo hili likifika mbali zaidi. Mei 2010 mahakama ya juu ya mashauri ya madai ya nchi hiyo iliamua kesi ya mtu ambaye Wi-Fi yake ilitumika kusambaza wimbo bila idhini ya wenye haki. Alithibitisha kwamba wakati huo alikuwa likizo, mbali na nyumbani. Mahakama ikamwondolea fidia, lakini ikasema alikuwa na wajibu wa kuulinda mtandao wake, hivyo angeweza kudaiwa gharama za barua ya onyo. Mwaka huohuo, mahakama moja ya Wuppertal ikaamua kwamba anayetumia Wi-Fi isiyofungwa ya mtu mwingine hatendi jinai. Zikisomwa pamoja, hukumu hizo zilimwacha mdandiaji aende zake na kumtwisha mzigo aliyedandiwa. Bunge la Ujerumani lilihitaji hadi mwaka 2017 kubadili sheria iliyowabana wenye ruta.

Tanzania uzi unaotoka mtandaoni hadi mlangoni kwa mwenye ruta ni mfupi zaidi. Tangu mwaka 2019 laini husajiliwa kwa alama za vidole, na kile kidude cha juu ya friji kina laini ndani yake. Kidole kilichoisajili ni cha mtu mmoja. Matusi yakitumwa, ulaghai ukifanywa, wa kwanza kugongewa mlango ni mwenye kidole. Atajiteteaje? Akifungua ukurasa wa ruta yake ataona orodha ya vifaa: TECNO, Infinix, itel, na mistari ya herufi na namba. Hizo namba nazo hazimsaidii sana, kwa sababu simu za Android kuanzia toleo la 10 hujibunia namba ya utambulisho kwa kila Wi-Fi zinayojiunga nayo. Mwenye ruta atajua kwamba kulikuwa na mtu. Hataweza kusema ni nani.

Je, wadandiaji wapelekwe mahakamani? Hapana, na waliojaribu njia hiyo walionekana vichekesho. Huko Sparta, Michigan, mwaka 2007, mtu aliyekuwa akiegesha gari nje ya mgahawa na kusoma barua pepe kwa Wi-Fi ya humo alitozwa faini ya dola 400 na kupewa saa 40 za kazi za jamii, ilhali mwenye mgahawa mwenyewe hakujua kwamba hilo ni kosa. Singapore, mwaka huohuo, kijana wa miaka 17 aliwekwa chini ya uangalizi kwa miezi 18 kwa kutumia mtandao wa jirani. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya mwaka 2015 inampa anayeingia kwenye mfumo wa kompyuta bila haki faini isiyopungua shilingi milioni tatu, au kifungo kisichopungua mwaka mmoja, au vyote. Ile ya Kenya ya mwaka 2018 inataja faini ya hadi shilingi milioni tano au miaka mitatu jela, ila inamlenga anayevunja hatua za usalama, na kwenye ruta isiyo na pasiwedi mtu atauliza ni hatua ipi iliyovunjwa. Sheria hizi zilitungwa kwa ajili ya wadukuzi. Kumtupia mwanafunzi anayepakua fomu za chuo kifungo cha mwaka mzima ni kuua nzi kwa rungu.

Lakini jambo kutostahili jela hakulifanyi kuwa halali. Katikati hapo kuna eneo kubwa linaloitwa ujirani, ambalo mahakama haina kazi nalo. Idara ya masuala ya Kiislamu ya Dubai ilipoulizwa kuhusu Wi-Fi ya jirani, jibu lake lilikuwa fupi: akiruhusu, tumia, asiporuhusu, usitumie.

Wapo wanaoacha mtandao wazi kwa kupenda. Mtaalamu wa usalama wa kompyuta Bruce Schneier aliandika mwaka 2008 kwamba Wi-Fi ya nyumbani kwake haina pasiwedi kwa makusudi, kwa kuwa anaona ni adabu kumpa mgeni intaneti. Wadandiaji hupenda mifano ya namna hii, na inawasuta. Schneier anaijua hatari, ameipima, akaikubali, kisha akatangaza. Mama mjane aliyenunuliwa ruta na mwanawe, fundi akaiwasha na kuondoka bila kumweleza pasiwedi ni kitu gani, hajapima wala hajatangaza chochote. Kuuchukulia ujinga wake kama ukarimu ni kumdhulumu mara mbili.

Njia iliyo safi ni ya kawaida kabisa: kugonga mlango na kuomba, na ikiwezekana kuchangia, kama Luku inavyochangiwa. Ruta nyingi za siku hizi zina uwezo wa kuweka mtandao wa wageni wenye pasiwedi yake, kwa hiyo mwenye nyumba anaweza kumpa jirani intaneti, akajua amempa nani, na akaikata siku akitaka. Mpangaji anayemkuta mama yule na ruta isiyofungwa angemsaidia kuifunga kwanza, kisha ndipo aombe.

Na jirani akikataa? Basi amekataa. Pengine bando ni la ofisi, pengine anafanya kazi mtandaoni usiku, pengine hamwamini tu kijana wa chumba cha tatu. Hana wajibu wa kueleza ni ipi kati ya hizo.