Wacheze kwa Zamu, Si kwa Safu

Katika vijiji vya Kalotaszeg, magharibi mwa mji wa Cluj huko Transylvania, Romania, mcheza ngoma wa kiume hujitokeza peke yake. Husogea hadi mbele ya wapigaji, mara nyingi Waroma: fidla inayoongoza, fidla kubwa kidogo ya nyuzi tatu inayojaza sauti, na besi ya kusimama. Hapo huanza kugonganisha visigino, kuruka, kujipiga mapaja na mashina ya buti kwa viganja, na kila kipande hukifunga pale pale muziki unapofunga. Akimaliza, humpisha mwingine. Wahungaria wa huko huiita legényes, na Waromania wana zao za jamii hiyo, feciorească, kila kijiji kwa namna yake.

Ngoma ya Kalotaszeg hujengwa kwa vipande viitwavyo pont, na mchezaji huvichagua papo hapo. Hilo ndilo lililomvuta mtafiti wa Kihungaria György Martin kwa István Mátyás wa kijiji cha Viștea, aliyejulikana zaidi kwa jina la Mundruc. Martin hakuridhika kuandika juu ya "ngoma ya kijiji" kana kwamba kijiji kizima kina miguu miwili. Alimfuatilia mtu mmoja: anajua vipande gani, anaviunganishaje, anabadilisha nini akirudia. Kitabu chake juu ya Mundruc kilitoka 2004, zaidi ya miaka ishirini baada ya Martin mwenyewe kufariki, na bado ni hoja nzito kuliko tamasha lolote kwamba mwanakijiji anaweza kuwa msanii mwenye mtindo wake.

Jarida hili linashikilia hoja hiyo, kwa sababu jukwaa limeisahau.

Kuanzia 1976 hadi utawala wa Rais Ceaușescu ulipoanguka 1989, serikali ya Romania iliendesha tamasha kubwa la kitaifa, Cântarea României. Viwanda, shule na vijiji vilipeleka vikundi kushindana. Jukwaani, wanaume waliokuwa wakipokezana walipangwa safu, wote mguu mmoja, wote kofi moja. Anca Giurchescu, mtafiti wa ngoma aliyehamia Denmark, aliandika mwaka 1987 jinsi tamasha hilo lilivyoigeuza ngoma ya kijiji kuwa alama ya dola. Ni haki kusema pia kwamba kuna vikundi vilivyodumu kwa sababu ya mfumo huo, na kwamba kusini mwa Transylvania wapo wanaume wanaocheza kwa pamoja tangu zamani, wakimfuata kiongozi mmoja. Tatizo linaanza pale sura hiyo moja inapofanywa kipimo cha wote.

Ngoma ya Căluș ya kusini mwa Romania, mkoani Olt na jirani zake, imepoteza zaidi. Wanaume wanaoicheza hutoka wakati wa Pentekoste, njuga miguuni na fimbo mkononi, na bendera iliyofungwa kitunguu saumu na pakanga. Hula kiapo mbele ya kiongozi wao, vătaf. Zamani walimtibu kwa ngoma mtu aliyeaminika kupigwa na iele, pepo wa kike wa majira hayo. Miji ya Slatina na Caracal huifanyia tamasha, na watazamaji huona miruko ya ajabu kweli. Lakini mwamuzi atatoaje alama kwa kiapo?

UNESCO iliitangaza Căluș mwaka 2005 kuwa miongoni mwa kazi bora za urithi wa binadamu, na ngoma za vijana wa Romania zikaingia katika orodha yake ya urithi usioshikika mwaka 2015. Maelezo ya mwaka huo yana jambo jema: yanawataja wachezaji wa umri wa miaka 5 hadi 70, Waromania, Wahungaria na Waroma. Hata hivyo orodha humpa nani sauti? Kwa mfano, Burundi iliingiza ngoma zake za kifalme humo mwaka 2014. Miaka mitatu baadaye amri ya rais ikawazuia wanawake kuzipiga na kutaka vikundi vijisajili wizarani.

Njia nyingine ipo, na ilianzia karibu na Romania. Mwaka 1972 vijana wa Budapest walianza kukutana katika kumbi za kucheza, wakifuata mfano wa kijiji cha Sic huko Transylvania, wakiwa wachezaji badala ya watazamaji. Mwalimu wao Sándor Tímár aliwafundisha vipande, kisha akawaachia kila mmoja aviunganishe mwenyewe. Waandaaji wa matamasha ya Romania wanaweza kufanya hivyo hivyo: wawalipe vizuri wapigaji Waroma wa vijijini, waondoe kikomo cha muda jukwaani, wawakalishe wazee penye meza ya waamuzi, na wamruhusu kijana wa miaka kumi na tano aingie peke yake hata akikosea.