Jino Lisilouma Nalo Huliwa

"Lisipouma, ni zima." Kauli hii imewapotezea watu meno mengi. Mzizi wa jino lililo hai unaweza kuliwa kwa miaka bila tundu la kuonekana wala maumivu. Hata kipimo cha baridi, daktari anapoligusisha jino pamba iliyopuliziwa dawa ya kugandisha, hujibiwa kama kawaida. Jibu hilo linaonyesha kwamba neva iko hai, basi. Halisemi lolote kuhusu ukuta wa mzizi.

Wengine husema chanzo ni sukari na uvivu wa mswaki. Sivyo. Uoza huletwa na tindikali ya bakteria, lakini hapa zinazokula ni seli za mwili wenyewe, ndugu wa zile zinazovunja mfupa ili ujengwe upya. Seli za aina hiyo ndizo huyeyusha mizizi ya meno ya utotoni hadi yakadondoka. Jino la ukubwani huvamiwa pale utando unaolinda mzizi unapojeruhiwa, kwa kuanguka, kupigwa, au kung'arishwa kwa dawa kali kutoka ndani. Mara nyingine sababu haipatikani kabisa. Mgonjwa asilaumiwe.

Kisha kuna imani kongwe: doa la waridi maana yake jino linaliwa kutoka ndani. Doa hilo lilielezwa na Mwingereza J. H. Mummery mwaka 1920. Lakini uwaridi ni rangi ya nyama yenye damu inayoonekana kupitia enameli iliyobaki nyembamba, na nyama hiyo inaweza kuwa imepenya kutoka nje, shingoni mwa jino, chini ya ufizi. Haya ni magonjwa mawili, na tiba zake haziingiliani.

Ndiyo maana siafiki wanaosema eksirei moja inatosha. Picha hiyo hulaza vya mbele na vya nyuma pamoja, hivyo tundu la nje lililo usoni mwa mzizi huonekana kama doa lililokaa katikati, kana kwamba ni la ndani. Ipigwe ya pili, mtambo ukiwa umesogezwa pembeni. Doa likibaki kwenye mfereji wa neva, ni la ndani. Likihama, ni la nje. Kuta za mfereji nazo husema: katika la ndani mfereji wenyewe hutanuka, katika la nje mistari yake miwili hupita katikati ya doa bila kukatika. Picha za pande tatu huonyesha zaidi, lakini kubadilisha pembe hakuhitaji mashine mpya.

"Likianza kuliwa, toa neva." Kosa hili ndilo linaloniuma zaidi. Kwanza iulizwe, seli zinazokula zinapata damu wapi? Zilizo ndani hulishwa na kiini cha jino, ile nyama yenye neva na damu. Kiondolewe, ulaji hukoma, na inafaa kuwahi kabla ukuta haujatoboka. Mashimo yasiyofikiwa na sindano husafishwa kwa dawa ya hipokloriti inayotikiswa kwa mtetemo, kisha huzibwa kwa nyenzo iitwayo gataperka, iliyolainishwa kwa joto. Zilizotoka nje hulishwa na tishu zinazolishika jino kwenye mfupa. Utatoa neva yote na zitaendelea kula. Tena kiini hukingwa na safu nyembamba ya predentini inayozizuia, ndiyo maana doa huuzunguka mfereji muda mrefu bila kuutoboa. Hapa kazi ni kuinua ufizi, kukwangua nyama yote na kuziba. Geoffrey Heithersay wa Australia, aliyeugawa ugonjwa huu madaraja manne mwaka 1999, aliua mabaki kwa tindikali ya trikloroasetiki ya asilimia 90, akaziba kwa simenti ya glasi ayonoma. Neva huguswa tu tundu linapoufikia mfereji au kuukaribia mno.

Je, vyuma vya kunyoosha meno navyo hula mzizi? Vinaweza kufupisha ncha ya mzizi, kwa kawaida kidogo, na ufupishaji hukoma nguvu ikiondolewa. Jino hubaki hai.

Mwisho wapo wanaosema, "Basi ling'olewe." Madaraja mawili ya kwanza ya Heithersay hutibika vizuri. La nne, lililovuka theluthi ya juu ya mzizi, mara nyingi hushinda matibabu. Hata hilo, kama haliumi wala halilegei, linaweza kuachwa na kufuatiliwa kwa picha. Kwa kijana hili lina uzito wa pekee, kwa sababu jino la bandia la kuskurubiwa mfupani halipandwi kabla taya halijamaliza kukua, na jino lake mwenyewe likiwa bado mdomoni husaidia kuuhifadhi mfupa huo.